Kinachosazwa na Mimea: Tafakari kuhusu Mwani katika Tangi la Samaki

Tangi la kioo lililopandwa mimea ya maji baridi, yaani maji yasiyo na chumvi, na kutiwa samaki wachache huanzishwa kwa shauku ya kuona uhai ukijiendesha mahali padogo, lakini haupiti muda mrefu kabla mwenye tangi hajabaini kwamba kiumbe kinachostawi humo kuliko vyote ni kile ambacho hakukinunua wala hakukipanda. Kiumbe hicho ni mwani, jina linalojumuisha viumbe vingi vya majini vinavyojitengenezea chakula kwa nguvu ya mwanga bila kuwa na mizizi, shina wala majani halisi, kuanzia vile vya seli moja visivyoonekana kwa macho matupu hadi nyuzi ndefu zinazojisokota kwenye mimea. Mwani huingia pamoja na mimea mipya, konokono, samaki na hata vumbi la hewani, kwa kuwa spora zake, ambazo ni chembe ndogo za uzazi, huweza kustahimili ukame na kusafiri mbali. Kwa sababu hiyo hakuna tangi lisilo nao, na anayetafuta njia ya kuuzuia usiingie anatafuta kisichopatikana. Swali lenye tija ni jingine: kwa nini katika tangi moja mwani hubaki utando mwembamba usiomkera mtu, ilhali katika tangi la jirani, lenye maji ya bomba lilelile na samaki wa aina ileile, hufunika kioo, mawe na majani hadi mimea ikafa? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba mwani hula kile ambacho mimea imeshindwa kukitumia, na kwamba kila namna ya kuudhibiti isiyoanza na afya ya mimea huishia kuwa kazi isiyokwisha ya kusugua kioo.

Suala hili lina umri sawa na tangi lenyewe. Mnamo 1849 mkemia Robert Warington, aliyefanya kazi katika Apothecaries' Hall jijini London, aliweka samaki wawili wadogo wa dhahabu katika chombo cha kioo chenye maji, mchanga na tope, akapanda humo mmea wa majani marefu na membamba uitwao Vallisneria spiralis, ili kulipima wazo lililokwisha kufahamika katika kemia ya wakati wake, kwamba mimea hutoa oksijeni wanayoivuta wanyama, na wanyama hutoa hewa ukaa, yaani kaboni dioksaidi, inayohitajiwa na mimea. Hesabu ya gesi ilikuwa sahihi lakini haikutosha, maana majani makuukuu ya mmea yalioza, maji yakatibuka, na utando unaoteleza ukaanza kuota kwenye kioo hadi uhai wa samaki ukawa mashakani. Warington aliongeza konokono wachache wa madimbwini, nao wakayala majani yaliyooza pamoja na utando ule, maji yakarudi kuwa maangavu. Taarifa aliyoichapisha mwaka 1850 huhesabiwa miongoni mwa misingi ya ufugaji wa samaki katika vioo, na mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ikaufungulia umma nyumba yake ya samaki. Linalostahili kuzingatiwa katika jaribio hilo ni wakati ambapo utando ulijitokeza, kwa kuwa ulikuja pale majani yalipoanza kuoza: kile kilichokuwa kimefungiwa ndani ya jani kilirudi majini, na mwani ukakipokea.

Ugumu wa kuutenga mwani na mimea unaanzia katika nasaba. Wanasayansi wa mageuko ya viumbe wanakubaliana kwamba mimea ya nchi kavu ilitokana na mwani wa kijani ulioishi katika maji baridi, na kwamba mimea mingi ya maua inayopandwa leo katika matangi ni ya koo zilizowahi kuishi nchi kavu kisha zikarejea majini. Mmea na mwani wa kijani unaotambaa juu yake ni ndugu wa mbali, na wote wawili hutumia klorofili za aina mbili zilezile, yaani rangi za kijani zinazonasa mwanga, na huendesha kwa njia ileile usanisinuru, ambao ni utengenezaji wa sukari kutokana na maji, hewa ukaa na mwanga. Ndiyo maana sumu inayoua mwani na kuiacha mimea salama kabisa ni adimu. Glutaraldehidi, kemikali ya kuulia vijidudu ambayo huuzwa madukani kwa wafugaji wa samaki kwa majina mbalimbali, huudhoofisha mwani mwekundu, lakini huweza pia kuyayeyusha majani ya Vallisneria, mmea uleule wa Warington. Nayo salfeti ya shaba, dawa kongwe ya mwani wa mabwawani, huwaua konokono na kamba wadogo. Hata pale sumu inapofaulu, mwani uliokufa huoza na kurudisha majini virutubisho vyote ulivyokuwa umevibeba, hivyo kizazi kinachofuata hukuta meza imeandaliwa.

Tofauti inayoweza kutumiwa na mwenye tangi iko katika ukubwa na akiba. Seli moja ya mwani ina uso mpana ukilinganishwa na ujazo wake, kwa hiyo hunyonya virutubisho hata vikiwa haba mno, na katika mazingira mazuri aina nyingine huongezeka maradufu kwa muda wa siku moja. Mmea hukua polepole, lakini una mizizi, shina na majani ambamo huhifadhi naitrojeni na fosforasi za kutumia siku za uhaba. Kwa maneno mengine, mwani ni kiumbe cha fursa na mmea ni kiumbe cha akiba. Fursa huzaliwa na mabadiliko ya ghafla, kama vile samaki aliyekufa bila kuonekana, taa iliyosahauliwa usiku kucha, au chakula kilichomwagwa kwa mkono wa huruma. Akiba huhitaji mfululizo wa siku zinazofanana. Hivyo basi utulivu wa hali ya maji ni silaha ambayo mmea unaweza kuitumia na mwani hauwezi.

Aina za mwani zinazojitokeza hutoa ushahidi kuhusu mahali ambapo utulivu huo umevunjika. Vumbi la kahawia linalofunika kila kitu katika wiki za mwanzo ni diatomu, viumbe vya seli moja vyenye gamba la silika, na kwa kawaida hupungua bila dawa mimea inaposhika mizizi. Maji yanayogeuka kijani kibichi hadi samaki wasionekane yamejaa seli zinazoelea, na mara nyingi hali hiyo hufuata ongezeko la amonia chini ya mwanga mkali. Vidoa vigumu vya kijani kwenye kioo na kwenye majani ya mimea isiyo na haraka, kama Anubias inayotoka Afrika Magharibi na ya Kati, huhusishwa na upungufu wa fosfeti, yaani chumvi ya fosforasi. Vishada vyeusi kwenye kingo za majani ni vya kundi la mwani mwekundu, na rangi yake ya asili hufichuka vinapoloweshwa katika spiriti. Wafugaji wenye uzoefu huvihusisha na hewa ukaa inayopanda na kushuka. Utando wa kijani-buluu unaobanduka kwa vipande na kutoa harufu mbaya si wa mwani hata kidogo, kwa sababu ni mkusanyiko wa sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru, na mara kwa mara huenea pale naitreti, yaani chumvi ya naitrojeni, ilipokwisha kabisa. Katika orodha hii, aina mbili huhusishwa na uhaba, jambo linaloitia doa imani iliyoenea kwamba mwani ni adhabu ya uchafu na kwamba maji yakinyimwa virutubisho vyote yatatakasika.

Imani hiyo, hata hivyo, haikuzuka bila msingi. Katika karne ya 19 Mjerumani Justus von Liebig alieneza kanuni, iliyokwisha kuelezwa kabla yake na Carl Sprengel, isemayo kwamba ukuaji wa mmea huamuliwa na kirutubisho kilicho haba kuliko vyote kulingana na mahitaji ya mmea, hata kama vingine vimejaa tele. Mnamo 1973 David Schindler na wenzake waliipima kanuni hiyo katika Ziwa 226, kaskazini-magharibi mwa jimbo la Ontario nchini Kanada, kwa kuligawa ziwa kwa pazia, wakatia kaboni na naitrojeni upande mmoja, na kaboni, naitrojeni na fosforasi upande wa pili. Upande wenye fosforasi uligeuka kijani kwa namna iliyoonekana wazi kutoka angani, na ushahidi huo ukawa hoja kubwa ya kupunguza fosfeti katika sabuni za kufulia na katika majitaka. Mwaka 1996 Paul Sears na Kevin Conlin waliihamishia hoja hiyo kwenye tangi la samaki. Walipendekeza kwamba mimea ipewe kwa kipimo naitrojeni, potasiamu, magnesi, chuma na madini mengine yanayohitajika kwa uchache, huku fosforasi ikiachwa itokane na chakula cha samaki peke yake, ili iwe ndiyo kirutubisho haba, na mimea, kwa uwezo wake wa kuweka akiba, iimalize kabla mwani haujaifikia. Wengi waliofuata njia hiyo waliona maji yao yakitakata.

Lakini miaka iliyofuata Mmarekani Tom Barr alitia fosfeti kwa makusudi katika matangi yaliyosheheni mimea na yenye hewa ukaa ya kutosha, na mwani haukutokea. Njia aliyoieneza huacha naitreti ibaki kati ya miligramu 5 na 30 kwa lita na fosfeti ibaki kama miligramu 1 hadi 2, kisha nusu ya maji hubadilishwa kila wiki ili ziada isijikusanye. Kwa juu juu, hoja hizi mbili zinakanushana, lakini mgongano huo unapungua sana msomaji akiuliza ni nani aliyekuwapo majini kupokea fosforasi iliyotiwa. Katika maji ya wazi ya Ziwa 226 hakukuwa na msitu wa mimea yenye mizizi, hivyo fosforasi ilimwendea mpokeaji pekee aliyekuwapo. Katika tangi lililopandwa vizuri mpokeaji mkuu ni mmea, na kumnyima mmea kirutubisho kimoja ni kuviacha vingine vyote bila wa kuvitumia. Yaelekea hata mafanikio ya Sears na Conlin yalitokana zaidi na naitrojeni, potasiamu na chuma walivyoviongeza kuliko fosforasi waliyoizuia, kwa maana kabla ya hapo mimea mingi ya matangini ilikuwa na njaa ambayo wenye matangi hawakuijua. Kanuni ya Liebig haikushindwa hapo, ila ilipaswa kutumiwa kwa mimea kwanza kabla ya kugeuzwa silaha dhidi ya mwani.

Kinachoweka kasi ya mahitaji hayo yote ni mwanga. Taa ikiongezwa, mmea hulazimika kutengeneza sukari kwa haraka zaidi, na kwa hiyo huhitaji hewa ukaa zaidi, kisha naitrojeni, fosforasi na madini kwa kadiri hiyohiyo; hitaji moja likikosa kutimizwa, ukuaji husimama, majani ya chini huanza kuoza, na kile kinachovuja kutoka kwenye majani hayo ndicho mwani unachokingoja. Mara nyingi hewa ukaa ndiyo hupungua kwanza, kwa sababu gesi hupenya majini polepole takriban mara 10,000 kuliko inavyopenya hewani, na maji yaliyoachwa wazi hubaki na kama nusu miligramu tu kwa lita, wakati wafugaji wanaotumia mitungi ya gesi hulenga miligramu 20 hadi 30, wakijihadhari wasizidishe hadi samaki wakatweta. Aina nyingi za mwani, pamoja na mimea michache kama Vallisneria, huweza kutumia bikaboneti, ambayo ni kaboni iliyoyeyuka katika maji magumu, lakini mimea mingine mingi haina uwezo huo, na hivyo upungufu wa hewa ukaa huilemaza mimea kabla ya kuugusa mwani. Ndiyo sababu tangi lisilo na mtungi wa gesi hunufaika na mwanga mdogo kuliko mwingi, wa saa 6 hadi 8 kwa siku, mbali na dirisha linalopigwa na jua. Mkulima anayepanda kunde katikati ya mahindi anajua kwamba kivuli cha mazao ni palizi, na vivyo hivyo mimea inayoelea, ambayo Mmarekani Diana Walstad aliisifu katika kitabu chake cha mwaka 1999 kuhusu ikolojia ya matangi ya mimea, huvuta hewa ukaa moja kwa moja kutoka hewani huku ikiutia mwani kivulini.

Matangi mengi huharibika katika wiki chache za mwanzo, na sababu yake haionekani kwa macho. Samaki hutoa amonia kupitia matamvua yao, na katika maji yaliyokomaa bakteria huigeuza kwanza kuwa naitraiti na kisha naitreti isiyo na sumu kali, kazi ambayo mwanabiolojia Sergei Winogradsky aliithibitisha kuwa ya bakteria mnamo miaka ya 1890. Bakteria hao huhitaji wiki kadhaa kuenea kwenye kichujio na changarawe, ilhali mwenye tangi, kwa pupa ya kuona uzuri, huwasha taa zote, hupanda miche michache iliyotengana na kununua samaki wengi siku hiyohiyo, akakusanya amonia, mwanga na nafasi tupu mahali pamoja. Tiba ya kosa hilo ni kugeuza utaratibu: kujaza mimea inayokua haraka tangu siku ya kwanza, hata ile ambayo itang'olewa baadaye, na kuwachelewesha samaki mpaka mimea ionyeshe majani mapya.

Wanyama wanaokula mwani wana nafasi yao, mradi wasichukuliwe kuwa badala ya utaratibu huo. Mjapani Takashi Amano, mpiga picha aliyeishi kuanzia 1954 hadi 2015 na aliyeufanya upandaji wa matangi kuwa sanaa ya mandhari, tangu miaka ya 1980 aliwatumia kamba wadogo wa spishi ya Caridina multidentata, ambao leo hujulikana duniani kwa jina lake, kusafisha nyuzi laini za mwani kwenye mimea. Mabuu ya kamba hao huhitaji maji ya chumvi ili yakue, kwa kuwa katika makazi yao ya asili huchukuliwa na mto hadi baharini na kurejea wakiwa kamba wachanga, kwa hiyo hawazaliani katika tangi la maji baridi. Maisha yao yanaibatilisha ndoto ya ulimwengu uliofungwa unaojitosheleza ndani ya kioo: kila tangi linategemea mto, na mahali ambapo mto haupo, mwenye tangi anayebadilisha nusu ya maji kila wiki ndiye anayefanya kazi ya mto.

Mazingira ya Afrika Mashariki yanaipa hoja hii uzito unaozidi wa burudani ya nyumbani. Kwenye miamba ya Ziwa Tanganyika, mwani ni malisho: samaki wa jenasi ya Tropheus na Petrochromis, wanaosafirishwa kutoka pwani za ziwa hilo hadi matangi ya Ulaya na Marekani, wana meno yaliyoundwa kwa ajili ya kuuchuma na kuuchana, na jamii zao zote zinasimama juu ya utando ambao mwenye tangi angeuita uchafu. Katika Ziwa Viktoria, lenye eneo la takriban kilomita za mraba 68,800, mambo yalikwenda vingine. Sangara walioingizwa katika miaka ya 1950 waliongezeka mno mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kuwamaliza furu wengi, wakiwamo waliokuwa wakila mwani. Mbolea, majitaka na udongo unaomomonyoka vikaongeza fosforasi na naitrojeni. Na tangu mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji yakafunika ghuba nzima kwa vipindi, yakitumia wingi uleule wa virutubisho. Katika Ghuba ya Winam, upande wa Kenya, sianobakteria huyafanya maji kuwa ya kijani, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Hakuna awezaye kubadilisha nusu ya maji ya ziwa hilo kila wiki, na walaji waliotoweka hawanunuliki dukani. Kilichobaki ni kupunguza kinachoingia na kulinda mafunjo ya vinamasi vya kandokando, ambayo huchuja maji ya mito kabla hayajafika ziwani.

Tofauti ya ukubwa kati ya ziwa na tangi haiondoi ukweli kwamba katika yote mawili mwani hupokea kile ambacho viumbe wengine wameacha kukitumia. Tangi lina fadhila moja ambayo ziwa halina, nayo ni kwamba kosa hurekebishika kwa mwezi mmoja au miwili, mradi mwenye tangi avumilie. Anayetaka kuudhibiti mwani apunguze saa za taa kabla ya kununua dawa, apande mimea mingi kabla ya kuongeza samaki, akate majani yanayooza kabla hayajayeyuka, alishe kwa kipimo, abadilishe maji kwa siku isiyohamahama, na abadilishe jambo moja kwa wakati, akisubiri wiki mbili au tatu aone matokeo kabla ya kugusa jingine. Mwani utakaosalia baada ya hayo ni sehemu halali ya maji yaliyo hai, na hauhitaji kuondolewa.